Zaburi Isiyoitikiwa

Mwembesongo, Morogoro,
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Witness,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hapo umeitikia "Milele amina", hata kama uko peke yako mbele ya madaftari ya wanafunzi. Nakushukuru kwa kuitikia. Ukifika mwisho wa barua utaelewa kwa nini nashukuru kwa jambo dogo kama hilo.

Hamjambo huko Kasulu? Shemeji hajambo? Lile jino lake limeng'olewa au bado analibembeleza? Na watoto, wameshazoea shule mpya? Huku sisi wazima wa mwili. Masika yamekatika, asubuhi mlima unajifunika ukungu mpaka saa nne, na masweta yametoka sandukuni. Abel wangu anaendelea vizuri. Kikohozi kimekwisha, na mwezi ujao anamaliza dawa zake za kifua kikuu.

Barua hii anakuletea Shadia, jirani yangu anayefuata mawese na dagaa Kigoma. Ni mwanamke mwema, lakini safari ni ndefu na mkono wa mtu huwashwa. Kwa hiyo nimeibandika kwa gundi, na juu ya gundi nimeishona kwa uzi mweusi. Ukikuta uzi umekatwa, usimseme Shadia kitu, niandikie mimi kwanza.

Usinicheke. Unajua nilivyo tangu utoto. Mimi ndiye yule niliyekuwa nayahesabu maandazi kabla ya kulala na kuyahesabu tena asubuhi. Simu nimeiogopa kwa sababu ukuta wangu na wa Angelina, mwenyekiti wetu wa jumuiya, ni mmoja, na nikipiga chafya huniambia pole kabla sijajifuta.

Sasa habari yenyewe, nikuambie kabla hujaisikia kwa mwingine. Mama yako, mama yangu mdogo, hayupo tena kwangu. Amerudi Matombo tangu tarehe ishirini na sita ya mwezi uliopita, na kwa siku tisa macho yake hayakupata dawa. Presha ya macho haisubiri, daktari alisema waziwazi kwamba tone la kila jioni lisikosekane, kwani kinachopotea hakirudi. Aliyemwondosha ni mimi. Sikumtolea neno baya hata moja, na ndiyo maana naona aibu zaidi.

Unajua nilimpokea baada ya Pasaka, ili awe karibu na hospitali. Nilimpa kitanda changu, nikalala na wajukuu sebuleni. Lakini moyoni nilikuwa na kijiwe. Wakati ule ukoo ulipokaa kugawa mashamba ya mama zetu, mimi nilipewa lile la kando ya kijito, lenye mdalasini, na mama yako akanyamaza kimya. Watu wengine walipiga kelele mpaka jioni, yeye hakusema ndiyo wala hapana. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Nikasema huyu ana lake, ipo siku litatoka.

Basi akaja na kile kitabu cha zaburi cha marehemu babu, kile cha misheni ya zamani, chenye jalada jeusi na ukurasa wa kwanza ulioliwa na mende. Haoni kusoma, lakini kila alfajiri alikishika mikononi, akageukia upande wa mlima, midomo ikawa inacheza. Nikimsikiliza mlangoni, ananong'ona. Mtu anayemwomba Mungu mambo mema ananong'ona nini? Mimi zaburi zangu huzisoma mpaka jirani akagonga ukuta.

Tena alipenda kumpapasa Abel kichwani. Siku moja akaomba apewe shati jeupe la Abel. La nini, Mama Mdogo? Nishone vifungo, akasema. Mtu asiyeona anashona vifungo? Nikampa, lakini nikaweka moyoni.

Na kweli, wiki ileile Abel aliyekuwa amepata nafuu akaanza kukohoa upya. Halafu ikaja barua kutoka seminari, alikokuwa akisoma Abel kabla ya kuugua. Ilikuwa barua ya upole, wakimtakia afya na kumwambia amalize dawa bila haraka, ila nafasi yake ya mwaka huu wamempa kijana mwingine, yeye ataanza tena mwakani. Niliisoma mara tatu nikitafuta walichokificha.

Kesho yake nikawa natandika kitanda cha mama yako, kitabu kikaanguka, na ndani yake kikachomoka kikaratasi kilichojaa majina na namba. Sikuyasoma yote. Jicho langu lilikamatwa na mstari mmoja, mwandiko wa kalamu ya wino: "Abel, Zab. 109."

Witness, wewe umekulia kwenye hizi jumuiya. Huhitaji kuambiwa mia na tisa ni nini. Wenzetu Waislamu wana albadiri, sisi tuna hiyo. Mwaka jana kuku wa Angelina walipoibwa alisimama barabarani akatangaza kwamba Jumamosi tunasoma Zaburi ya 109, na Ijumaa jioni kuku watatu wakakutwa mlangoni kwake, na mmoja hakuwa wake hata kidogo. Hata Shadia, alipoibiwa kapeti, alituomba tumsomee ile yetu kwanza, kwani haina gharama ya ubani.

Nilikwenda kwenye Biblia yangu nikaifungua. Mle ndani mwenye zaburi anamwombea adui yake siku zake ziwe chache na kazi yake aitwae mwingine. Kazi yake aitwae mwingine! Na barua ya seminari ilikuwa bado iko juu ya meza. Nilikaa chini sakafuni. Nikaona kila kitu kimejipanga chenyewe: shamba, ukimya, minong'ono, shati, kikohozi, barua. Nilijiambia kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekilaza kitandani mwangu na kukipikia uji.

Sasa hapa ungeuliza, kwa nini sikumwuliza yeye mwenyewe? Au kwa nini sikumwuliza Abel, kijana aliyetoka kusomea mambo haya haya, amelala chumba cha pili? Sikuuliza. Mwenye shaka haulizi, Witness, anaogopa kujibiwa. Nilimwambia Angelina peke yake, tena kwa kunong'ona, na kumwambia Angelina peke yake ni sawa na kupeleka jambo kwenye matangazo ya Misa ya kwanza.

Jumamosi hiyo jumuiya ilisali kwa Angelina, saa kumi na mbili asubuhi. Unajua nafasi ya mama yako tangu afike. Siku ya kwanza tu walipomsikia, walimpa kazi ya kuimbisha zaburi, kwani sisi wa mjini tunazisoma kama tunakimbizwa na mvua, lakini yeye huimba shairi moja, anapumua, anatuachia kiitikio, anaendelea. Ana zaburi ya mwenye uchungu wa kuzaa, ya mwenye safari, ya mtoto wa mtihani, ya shamba lililokauka. Wanawake walikuwa wakimfuata hadi kwangu kuomba apendekeze ya kusali wiki hiyo. Hata hilo, kwa taarifa yako, lilinikera.

Akasimama, akashika ukingo wa kiti, akaimba shairi la kwanza. Ikafika zamu yetu ya kuitikia. Hakuna aliyefungua mdomo.

Akasubiri. Akaimba tena shairi lilelile, pole pole, akidhani hatukusikia. Kimya. Niliwaona wenzangu wakitazama mikeka. Angelina alikuwa akitengeneza mtandio ambao haukuharibika. Mama yako akageuza uso huku na huku.

"Jamani, mpo?" akauliza.

Hatukujibu. Wanawake kumi na saba, Witness, na mimi nikiwa wa kwanza kutojibu, kwani nilikuwa nimekaa miguuni pake. Basi akaimba shairi, akaitikia mwenyewe. Shairi la pili, akaitikia mwenyewe. Aliimaliza zaburi nzima hivyo hivyo, hakuruka kitu, akakaa. Tukaendelea na Injili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jumapili hakutoka chumbani. Jumatatu asubuhi akaniambia, "Mama Abel, naomba unipeleke stendi." Sikumwuliza kwa nini. Nilimbebea kikapu, nikampakia kwenye gari la Matombo, nikamkabidhi kwa kondakta. Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilifagia chumba, nikamwagia na maji ya baraka kwenye pembe zote nne. Chupa ya dawa ya macho niliikuta dirishani, nikaiweka kabatini.

Halafu nikasikia Abel anaimba chumbani mwake.

Niliingia mbio. Alikuwa ameketi kitandani, amevaa lile shati jeupe, vifungo vyote vitano vimeshonwa, kimoja upande, na mkononi ameshika kile kitabu. Mama yako alikuwa amemwachia kwenye mto. Nikaona sasa ameuacha mzigo wenyewe ndani ya nyumba uendelee na kazi. Nikakirukia kitabu. Abel akakiinua juu.

"Mama, taratibu, karatasi zake zimechakaa," akasema. "Bibi ameniachia zaburi ya upadre."

"Upadre gani? Hiyo ni mia na tisa!"

"Ndiyo, mia na tisa. Sikiliza." Akanisomea. Ilikuwa ile zaburi fupi, ile ambayo Bwana anaapa na kumwambia mtu wake kwamba yeye ni kuhani wa milele.

Nikamwambia huo ni uongo, mia na tisa naijua. Nikaleta Biblia yangu. Tukaziweka pamoja juu ya blanketi, na mwanangu akanionyesha kwa kidole, kama anavyofundishwa mtoto wa komunio ya kwanza. Kumbe vile vitabu vya zamani vya misheni, zaburi ya tisa na ya kumi ya Biblia zetu wanazihesabu kuwa moja. Kuanzia hapo namba zao nyingi ziko nyuma kwa moja. Ile yangu ya laana, kwao ni mia na nane. Mia na tisa ya babu, ambayo mama yako alikaririshwa akiwa na miaka saba, ni ya kumwombea kijana awe padre.

"Amenisalia kila alfajiri tangu nilipoingia seminari," Abel akasema. "Aliniambia mwenyewe. Alisema tusikwambie, wewe utaanza kuhesabu siku." Tena akanitazama vizuri. "Mama, una nini?"

Ikabidi nimweleze. Nilimweleza yote, kuku, shamba, Angelina, na ile Jumamosi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alifunga kitabu akauliza neno moja tu: "Mlimwacha aimbe peke yake?" Kisha akageukia ukutani, na siku mbili alikula chakula changu bila kusema nami zaidi ya shikamoo na asante.

Kile kikaratasi nilikisoma chote baadaye. Wewe umo. "Witness, Zab. 120." Kwetu ni mia na ishirini na moja, ile ya kuinua macho kuitazama milima. Nadhani aliomba mtu akuandikie siku ulipohamishiwa huko ambako milima yetu huioni. Nami nimo. "Magreth, Zab. 50." Nikahesabu mbele moja, nikafungua hamsini na moja, ile ya kutubu, ya mtu anayeomba aoshwe uovu wake.

Sitakudanganya, hata hapo shaka haikulala. Nilikipeleka kikaratasi dirishani nikauchunguza wino. Ni mpya au wa zamani? Alimtuma mtu aniandikie hiyo baada ya ile Jumamosi, kunisuta? Mtu haachi asili, mdogo wangu, hata akiwa amepiga magoti.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa kwangu. Baada ya ishara ya msalaba nikasimama nikasema nimemsingizia Mama Mdogo Kristina, nikaeleza habari ya namba, nikawaonyesha kitabu. Nikasema leo nitaimbisha mimi hiyo mia na tisa, kwa heshima yake. Unaijua sauti yangu, inafaa kufukuzia nyani. Nikaimba shairi la kwanza, nikanyamaza nipate kiitikio.

Hawakuitikia. Mpaka leo sijui ilikuwa hasira kwa kuwa nimewatia dhambini, au aibu, au walidhani ni mtego mwingine. Angelina alinitazama kama ninayemwuzia kanga iliyotoboka. Nikakumbuka yeye alisimama vile vile, tena haoni, hajui hata kama watu wapo, na mimi nilikuwa nikisikia pumzi yake nikanyamaza. Niliimba, nikaitikia mwenyewe, mpaka mwisho, nalia. Hapo ndipo nilipojua tulimfanyia nini.

Jumanne nikachukua chupa ya dawa, nikapanda gari la Matombo. Nilipofika kwake ilikuwa alasiri, amekaa kizingitini anachambua maharage kwa vidole.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Hizo hatua ni zako, Mama Abel. Umekuja na kitabu?"

"Nimekiacha kwa Abel."

"Vyema. Ni chake."

Akaendelea na maharage. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi nikamwambia yote. Nilifikiri angesema amenisamehe, au aniambie niondoke. Badala yake aliuliza kama waliniitikia nilipoimbisha ile zaburi. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akasema, "Maskini," na nilisikia kwamba alinihurumia kweli, yeye, mimi.

Nikapata ujasiri nikamwuliza kwa nini mimi alinipa ya hamsini. Akacheka, Witness, mpaka maharage yakamwagika. Akasema aliniandikia nilipokuwa na miaka tisa, asubuhi ile niliposema wewe umekula andazi, ukachapwa, na jioni paka akakutwa analo darini. "Nilimwambia Mungu, huyu mtoto ana jicho kali sana la kutazama wengine, mpe la kujitazama. Naona anachelewa, lakini anajibu."

Sijawahi kukuomba radhi kwa lile andazi. Nakuomba leo.

Jua lilipoanza kushuka akaanza kuimba, mia na tisa, akiwa amekaa vile vile. Shairi la kwanza. Kisha akanyamaza, akainamisha sikio upande wangu, akasubiri. Nikaitikia. Sauti ilitoka vibaya, lakini alitikisa kichwa akaenda shairi la pili, nami nikaitikia tena, na kutoka nyumba ya pili Ester, yule jirani yake asukaye mikeka, naye akaitikia bila hata kutoka nje. Tukaimaliza hivyo.

Ndipo nikatoa chupa. Nikamwambia ainue uso. Nikamfungua jicho la kulia kwa vidole, nikadondosha tone moja. Akafumba, dawa inamtiririka shavuni.

"Mama Abel," akasema, "una hakika hii ni dawa?"

Aliyekuwa na haki ya kuuliza swali hilo duniani kote ni yeye. Nikasema ndiyo, Mama Mdogo, ni dawa. Akageuza uso polepole, akalifungua jicho la kushoto yeye mwenyewe, akalishikilia wazi kwa vidole vyake, akaningoja.

Nilikaa naye siku tano. Sasa Ester ndiye anayemwekea kila jioni. Daktari amesema nimpeleke Alhamisi apimwe tena, na hapo tutajua siku tisa zangu zimekula kiasi gani cha macho yake. Kushuka amekubali kwa ajili ya daktari tu, kulala kwangu bado hajasema. Ukimpigia, usimshawishi. Mwache anipime kwanza, nami nivumilie kupimwa. Lakini nilitaka wewe uyajue haya kutoka kwangu, na kama utakasirika, ukasirike kwa jambo la kweli.

Angelina alikuja juzi na kuku mmoja, yule asiye wake. Anasema nimpelekee Mama Mdogo, na kwamba Jumamosi ijayo ataitikia. Nimempokea kuku. Mengine nitayasikia kwa masikio.

Nisalimie sana shemeji na jino lake, nibusie watoto mmoja mmoja. Abel anakusalimu, anasema mia na ishirini yako siku hizi anaisali alfajiri, saa ileile anayoisali bibi yake kule Matombo. Shadia akifika mpe maji ya kuoga na uji wa moto, ametoka mbali. Mungu aliyekulinda kutoka kwako akulinde na kuingia kwako, na macho ya mama yetu ayalinde kuliko nilivyoyalinda mimi.

Ni mimi dada yako, anayekupenda na kukuomba msamaha,
Magreth (Mama Abel)

Tena: Nilikuwa nimeshaishona bahasha, nikaingiwa na wasiwasi kwamba nimejipunguzia makosa humu ndani. Nimeifungua nikasoma upya yote. Kwa hiyo uzi ukiukuta umekatwa na kufungwa fundo, aliyeukata ni mimi. Shadia hana kosa.